Waltz ya fidla kwenye mandolin: mbona yangu yatoka chakacha?

mtoto_wa_kibokoni
Asalaam aleikum wanamuziki. Nna swali na naomba msinicheke. Ami yangu, Mungu amrehemu, aliacha mandolin ya zamani, ile ya mgongo bapa, nyuzi nane, ikakaa juu ya kabati na mavumbi yake mpaka juzi juzi nikaishusha nikaipangusa nikaitia nyuzi. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye taishokoto, kile chombo cha nyuzi chenye vitufe, harusi za hapa Mji wa Kale nimepiga sana, kwa hivyo mkono wa risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, hausumbui, kinachonisumbua kidogo ni vidole vya kushoto maana taishokoto ni kubonyeza vitufe tu na huku wabana uzi wenyewe.

Sasa nimeipenda ile Westphalia Waltz, tune ya mapigo matatu matatu ya wapiga fidla wa Texas. Noti nishazijua zote, sehemu ya kwanza na ya pili, hata kwenye feri naiimba kichwani. Nikipiga peke yangu naona ni waltz kabisa, lakini binamu yangu akikaa pembeni na dumbak, ile ngoma ya kupigwa kwa vidole, raundi mbili hazijaisha ishageuka chakacha, ngoma yetu ya harusi. Juzi tulikuwa barazani watoto wa jirani wakaanza kukata viuno na mama mmoja akapita akauliza harusi ya nani. Binamu asema kosa ni langu, mimi nasema ni lake, tumefika mpaka hatusemeshani vizuri.

Jambo lingine, zile noti ndefu ambazo mwenye fidla huzivuta na upinde mpaka roho inatetemeka, mimi nikizipiga zinakufa hapo hapo. Nikizitia tremolo, yaani kurudia noti mbio mbio kwa risha, yote inakuwa kama taishokoto tena. Nifanyeje? Na nikishaiweza nataka niirekodi kwa simu nimpelekee mjomba wangu aliyeko Muscat, yeye ndiye alinitumia ile video, sasa hapa nyumbani kimya hakipatikani, tuktuk, feni, watoto, kila kitu.

fidla_na_tangawizi
Waaleikum salaam. Binamu mpatie haki yake, nafikiri ni mkono wako unaompeleka chakacha na yeye afuata tu kama mpiga ngoma mwema. Skiza.

Chakacha na waltz zagawana vitu sita vile vile. Hesabu moja mpaka sita polepole, kwa sauti, tena na tena. Ukipiga makofi kwenye moja na nne, uko chakacha, yaani mapigo mawili mazito na kila moja limebeba vitatu. Sasa usibadilishe spidi, hesabu ile ile, lakini makofi yaje kwenye moja, tatu na tano. Hapo uko waltz, mapigo matatu na kila moja limebeba viwili. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, uzito tu umehama. Na ngoma zetu za pwani zacheza na zote mbili kwa pamoja, ndio utamu wake, mmoja ashika mbili mwingine ashika tatu, kwa hivyo sikio lililolelewa hapa lateleza kutoka huku kwenda huku bila mwenyewe kujua. Mtu wa Texas hana shida hiyo kwa sababu hajawahi kukaa nyuma ya msondo.

Sasa angalia risha yako. Nakisia wapiga chini juu chini, chini juu chini. Sivyo? Ule ni mkono wa sita kwa mbili, kila baada ya vitatu risha yashuka upya na kule kushuka mara mbili kwa kufuatana ndiko kunaweka uzito kwenye nne. Binamu ausikia huo uzito kabla hajazisikia noti zako. Kwa waltz risha ishuke kwenye pigo na ipande katikati, basi: chini juu, chini juu, chini juu. Mkono uende hivyo hata pale ambapo noti ni ndefu na huna cha kupiga, pitisha hewani usiguse uzi. Ukishaweza kupitisha hewani bila kupotea umemaliza nusu ya kazi.

Na kuhusu binamu, mwambie ampe dum kwenye moja tu, mbili na tatu ziwe tak nyepesi za ncha za vidole. Asijaze. Najua mpiga dumbak kumwambia asijaze ni kumwambia asipumue lakini kwa waltz moja atavumilia.

Bamburi_Beat
Mi naona muache itoke chakacha tu 😂 mbona wasumbuana, watu wamecheza, mama kauliza harusi ya nani, hiyo ndio sifa kubwa mwanamuziki anaweza kupata hapa Mombasa. Waltz ya watu wa Texas wataipiga watu wa Texas.

fidla_na_tangawizi
@Bamburi_Beat sikatai, mimi mwenyewe ningeisikiza. Lakini yeye ataka kumpelekea mjomba waltz. Akishaiweza waltz aigeuze chakacha kwa kutaka kwake, kwa sasa inageuka bila ruhusa yake.

mzee_wa_makadara
Vijana hamjambo. Nimeusoma huu mjadala nikaona nami nitie neno langu.

Kwanza mwasema waltz kama kwamba imekuja na YouTube. Hapa Mombasa Wagoa walikuwa na fidla na mandolin zao tangu zamani, kwenye dansi zao wakicheza waltz, na ile mando, ngoma yao ya kuimba na kucheza, pia huenda mwendo wa tatu tatu, polepole, wanaume na wanawake wakielekeana. Sisi watoto tukisimama nje ya ukumbi twasikiza. Kwa hivyo wewe wa Kibokoni usijione wafanya kitu cha ajabu, mandolin na mwendo wa tatu vishakaa mji huu.

Pili hino habari ya noti kufa. Uzi wa mandolin ni mfupi, kutoka kwa daraja mpaka kule juu hapana zaidi ya sentimita thelathini na tano hivi, na umekazwa sana, sauti yake yatoka kwa nguvu na kuondoka upesi. Huwezi kuifanya iwe fidla. Tremolo ndiyo dawa lakini wewe umezoea taishokoto ambayo risha hailali, ndio maana yakusumbua. Fanya hivi. Chagua noti zile za kumalizia maneno, pale ambapo kama ungekuwa waimba ungevuta pumzi, hizo tu uzitie tremolo. Nyingine zote zipige mara moja uziache. Tremolo yenyewe itoke kwa kifundo cha mkono, si kiwiko, na uianze taratibu iende ikijaa, usiifungulie yote mara moja kama bomba. Na uimalizie kwa risha ya kushuka, pigo la kwanza la hesabu inayofuata likukute mkono uko mahali pake. Wengi huharibu hapo, tremolo yao haina mwisho, yakimbilia noti ya pili imechelewa, na mpiga ngoma akangoja.

Kuna na njia nyingine ambayo mimi naipenda kushinda tremolo. Waltz hino huenda kwa G. Sasa ukiwa na noti ndefu ya G kwenye uzi wa D au ya B kwenye uzi wa A, gonga na ule uzi mnene wa jirani yake mtupu, yaani bila kuubonyeza, pamoja nayo. G mtupu yakaa na G, D mtupu yakaa na B, hazigombani na mtu. Wale wapiga fidla wenyewe hufanya hivyo, upinde wagusa nyuzi mbili. Yajaza kile kimya bila kutetemeka.

Halafu niulize, umeitunije? Ami yako kama alikuwa mtu wa taarab usichukulie tu kwamba ilikaa G D A E. Wapiga fidla wa muziki wa Kiarabu wengi hutuni G D G D, na mtu akishazoea sikio lake huko huenda akaitia na mandolin. Pima kwa simu kila uzi. Ni jozi nne, kila jozi nyuzi mbili sauti moja.

mtoto_wa_kibokoni
Shukran sana mzee wangu. Nimepima, ni G D A E, nlipotia nyuzi mpya nlifuata video. Lakini wallahi hilo la risha, @fidla_na_tangawizi umeniona kupitia ukuta? Ni chini juu chini, chini juu chini, kabisa kabisa. Nimejaribu kupitisha mkono hewani usiku huu na nimepotea vibaya, mke wangu yuwaniangalia nafukuza mbu bila mbu.

Swali la vidole: natumia kidole kimoja kimoja kwa kila freti kama gitaa. Ni sawa?

dada_wa_tudor
Hapana, hapo tafadhali badilisha mapema kabla mkono haujakomaa. Mandolin vidole vyake ni vya fidla si vya gitaa. Kidole cha kwanza chashika freti ya kwanza na ya pili, cha kati ya tatu na ya nne, cha pete ya tano na ya sita, kidogo ya saba. Freti ya saba ni sawa na uzi unaofuata ukiwa mtupu, kwa hivyo ukishajua hilo ushajua chombo chote.

Kwa skeli ya G kubwa, nambari ni freti: uzi wa G na uzi wa D zote mbili ni mtupu, mbili, nne, tano. Uzi wa A ni mtupu, mbili, tatu, tano. Uzi wa E ni mtupu, mbili, tatu. Ona kwamba kwenye nyuzi mbili nene kidole cha kati chakaa freti ya nne na kwenye nyembamba chasogea nyuma mpaka ya tatu. Ni hilo tu. Pigeni hiyo skeli kwa mwendo wa waltz, yaani tatu tatu, na binamu apige dum yake, hata kabla hamjaigusa tune. Nakuahidi mtachoka lakini ugomvi utaisha.

Mwenye akodian au gitaa mkipata, mpeni G, C na D, atafika mbali. Kama wewe mwenyewe wataka kumshikia mwingine chords kwenye mandolin, kuanzia uzi mnene, 0 ikiwa ni mtupu: G ni 0 0 2 3, C ni 0 2 3 0, D ni 2 0 0 2. Uzi mnene peke yake kwenye moja, halafu nyembamba kwenye mbili na tatu, fupi, zima na kiganja.

Na kwa kujifunza, nlitaka kusema usitegemee video moja. Hii tune kila mtu ana njia yake, mmoja atia mapambo hapa, mwingine aruka noti pale. Skiza wapiga fidla watatu wanne tofauti, kile ambacho wote wanacho ndio mwili wa tune, vingine ni nguo za kila mmoja. YouTube yenyewe unaweza kuipunguza spidi mpaka 0.75 au nusu na sauti haishuki. Lakini ukipunguza nusu usikae hapo muda mrefu, waltz ikienda polepole sana yapoteza ule mbembeo, kila pigo laanza kujiona ni pigo la kwanza.

Bamburi_Beat
Hebu kwanza hii Westphalia si ni Ujerumani? Texas imeingiaje

dada_wa_tudor
Ni Ujerumani na pia kuna mji mdogo Texas una jina hilo, ulianzishwa na wahamiaji wa Kijerumani. Lakini tune yenyewe asili yake ni wimbo wa kienyeji wa Poland, Pytała się pani. Aliyeifanya ijulikane kwa fidla ni Cotton Collins, alikuwa na bendi ya Lone Star Playboys, wakairekodi 1946. Kwa hivyo ni wimbo wa Wapolandi, ukapewa jina la Wajerumani, ukapigwa na cowboy. Mtu wa Kibokoni akiupiga kwa mandolin ya taarab sioni nani wa kulalamika.

Lakini mtoto_wa_kibokoni ukiituma kwa watu au ukiiweka mtandaoni andika jina la tune na useme ni ya kienyeji na umeipata kwa nani. Hii ni adabu tu. Watu wa hizi tune wapenda sana kujua ulimsikiza nani, na mwingine akitaka kufuata apate pa kuanzia.

mzee_wa_makadara
Dada amesema vizuri. Hata kwetu mtu akipiga wimbo hutaja ni wa nani, wale wasiotaja twawajua.

fundi_nyuzi_Majengo
Nimechelewa. Mimi ni fundi wa vyombo kidogo kidogo, niulize, nyuzi umetia za aina gani? Maana za mandolin hapa mjini ni shida kupata na watu wananiletea vyombo vimetiwa nyuzi za gitaa bila hesabu mpaka tumbo limebonyea.

Za gitaa zafanya kazi, nitasema ukweli, ila uchague. Uzi wa kwanza wa gitaa, ule wa unene wa 10 (elfu za inchi), wafaa kwa E. Wa 13 au 14 kwa A. Kwa D tafuta wa kuzungushiwa kama 24, kwa G 36 hivi. Usitie nene kuliko hapo, chombo cha zamani hakitaki, nyuzi ni nane zavuta kwa pamoja. Kile kichuma cha duara mwisho wa uzi wa gitaa kibane na koleo pole pole mpaka kitoke, kitabaki kitanzi, hicho ndicho chaingia kwenye ndoano ya mandolin. Vaa miwani ukifanya hivyo, kile kichuma chaweza kuruka.

La muhimu: usitoe nyuzi zote mara moja. Daraja la mandolin halijagundishwa, lashikwa na nyuzi tu, ukitoa zote laanguka na hujui lilikuwa wapi. Badilisha mmoja mmoja. Na ukimaliza kupiga pangusa nyuzi na kitambaa kikavu, hii hewa ya bahari haina huruma, nyuzi mpya zashika kutu kabla hujamaliza kuzizoea.

mtoto_wa_kibokoni
Fundi nlitoa zote mara moja 😬 daraja nikalirudisha kwa macho, palikuwa na alama kwenye mbao. Tuendelee.

Habari ni kwamba tumefanya skeli ya tatu tatu na binamu, sasa twasemeshana. Risha imeanza kutii. Bado nikifika sehemu ya pili ile inayopanda juu mkono wataka kurudi zamani lakini nikikanyaga mguu kwenye moja peke yake, si kwenye tatu zote, nabaki njiani. Sijui ni sawa kukanyaga moja tu?

fidla_na_tangawizi
Ni sawa na ni bora. Ukikanyaga zote tatu tune yawa nzito, ukikanyaga moja mwili wabembea wenyewe. Ila uwe na hakika ni moja. Nimeona mtu akikanyaga kila baada ya mapigo mawili kwa furaha zake zote na hana habari.

likoni_sauti
Upande wa kurekodi: mimi sirekodi studio, narekodi chumbani. Zima feni, hiyo ni lazima, mengine utavumilia. Chumba chenye kitanda, mapazia, nguo zimetundikwa, ni bora kuliko sebule yenye marumaru, marumaru yarudisha sauti kama msikitini. Simu usiiweke mbele ya tundu la mandolin, pale yavuma tu, iweke upande wa shingo inapoungana na mwili, umbali wa mkono mmoja, juu ya mto ili isipokee mguu wako ukikanyaga. Binamu na dumbak akae nyuma kabisa, hata mlangoni. Simu haina subira na dumbak, ikisikia dum yashusha kila kitu kingine.

Saa nzuri ni baada ya Isha watoto wakilala, au alfajiri kabla tuktuk hazijaamka.

Na ukimtumia mjomba usibonyeze kile kipaza sauti cha WhatsApp ukapiga moja kwa moja. Ile imetengenezwa kwa maneno ya mtu, tremolo yafika kule imekuwa mchanga. Rekodi kwa programu ya simu halafu itume kama dokumenti, atapata faili yenyewe.

mtoto_wa_kibokoni
Haya jamani, nimeiweka klipu hapa chini, raundi mbili, binamu kwenye dumbak. Mjomba nimemtumia pia kama dokumenti, amejibu kwa kucheka na kulia pamoja sijui nishike lipi. Semeni ukweli.

Bamburi_Beat
Mimi kiuno kimekataa kukatika. Hongera, imekuwa waltz, kwa masikitiko yangu.

dada_wa_tudor
Maashaallah. Sehemu ya kwanza nzuri sana, zile D tupu chini ya noti ndefu zimekaa. Kwenye raundi ya pili umeanza kukimbia pale unapopanda, binamu ndiye amekushika, mshukuru.

mzee_wa_makadara
Nimeiskiza mara kadhaa. Mwendo ni sawa, tremolo umeiweka pahali pake, ile ya mwisho imechelewa kidogo lakini mimi yanipendeza ikichelewa. Mpiga dumbak mwambie nimesema ana adabu. Ila ukipanda kwenye uzi wa E noti za juu zatoka kali, hazipatani na za chini. Si kidole. Muulize fundi hapo.

fundi_nyuzi_Majengo
Naam nami nimesikia, ni daraja. Limekaa mbele kuliko pahali pake, hapo uliporudisha kwa macho. Gusa uzi wa E kwa wepesi juu ya freti ya 12, usibonyeze, upige, usikie ile sauti ya filimbi. Halafu bonyeza freti hiyo hiyo upige. Zatakiwa ziwe sauti moja. Ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, legeza nyuzi kidogo tu, sukuma daraja nyuma kuelekea kwenye ndoano, unywele mmoja, kaza, pima tena. Fanya kwa E, halafu kwa G, maana daraja huenda likahitaji kukaa mshazari. Likishindikana pitia hapa kwangu Jumamosi asubuhi, uje na hiyo mandolin na zile nyuzi ulizotoa, nataka kuona ami yako alikuwa akitia za ukubwa gani.